Gramu Thelathini na Mbili

Miaka ishirini na tisa nilikagua mizani ya Tanga:
ya wauza dagaa Makorora, ya mkonge kule Pongwe,
ya yule mwenye duka aliyebandika sumaku chini ya sahani
akaapa kwa mama yake.
Nilistaafu na jicho lisiloamini kitu
mpaka nikilaze, nione sindano inasemaje.

Sasa napima nishani.

Nazifuata Ngamiani, kwa sonara Premji,
kabla hajazitia kwenye kalibu ziwe vipuli vya bi harusi.
"Mzee Kilua," hunicheka, "hii si dhahabu."
Najua si dhahabu.
Nina ya karani wa reli, utumishi wa miaka thelathini,
utepe wake umeliwa na mende mpaka kwenye pini.
Nina ya Kagera. Mwenyewe yu hai, ana kisukari,
aliniuzia mchana kweupe, akanishika bega:
"Usinionee haya. Vita ilikuwa yangu,
hiyo ilikuwa ya sanduku."

Siku ile Premji alinipa moja nyeusi kama punje ya mpilipili manga.
Gramu thelathini na mbili, na kidogo.
Upande mmoja mfalme, shavu limesagika;
upande wa pili mtu uchi juu ya farasi
anakanyaga ngao, sijui ya nani.
Nikaikwaruza kwa ukucha: shaba.
Askari walipewa ya fedha.
Ya shaba ilikuwa ya wabeba mizigo.

Sisi tunaokusanya tuna mwiko mmoja:
usiisugue. Weusi ndio umri wake.
Niliporudi kuswali adhuhuri nikamkuta Mwanakheri
kaiweka kwenye karai, jivu na ndimu,
anaisugua kama sufuria ya pilau.
Nilifoka. Majirani walisikia.
Yeye akaniinulia ile nishani, inang'aa bila aibu:
"Badala ya kelele, soma. Pembeni hapa kuna mtu."

Kulikuwa na mtu.
Namba, kisha SHEMDOLA,
herufi za aliyeandika jina kwa kusikia,
wala hakuuliza mara ya pili.

Mji huu haufichi ukoo. Baada ya wiki tatu
nilikuwa Chumbageni, kibarazani kwa Bi Zaituni Shemndolwa,
muuguzi mstaafu wa Bombo, miwani imefungwa uzi.
Nikaifungua leso. Hakushtuka.
"Hii? Tulivalishwa shingoni mwaka wa surua, kwa zamu.
Mimi, Rukia, marehemu Athumani.
Aliyepona anamvua, anavalishwa mwingine."
Akaonyesha tundu dogo juu ya kichwa cha mfalme.
Nilidhani ni dosari. Nilikuwa nimeshaiandika daftarini: *dosari*.

"Babu alibeba masanduku ya risasi
mpaka mito ambayo hakujua majina yake.
Alirudi na kikohozi. Ujira wa miezi kumi na minne
waliahidi, wakaahirisha, wakafa.
Wewe umetoa ngapi?"

"Elfu arobaini."

Akahesabu kimya, midomo inatembea.
"Basi mtu kalipa. Ila kamlipa Premji."
Akacheka hadi miwani ikadondoka kifuani,
na mimi nikacheka, kisha nikaacha,
kwa sababu yeye alikuwa ameacha kabla yangu.

Nilimsukumia leso. Akairudisha.
Nikaisukuma tena. Akasema, "Chukua,
hapa watoto wataipeleka tena kwa sonara.
Lakini hilo jina lina ndi. Shemndolwa.
Andika."

Nimeandika.
Nimefuta *dosari*, nimeandika *surua, watoto watatu*.
Halafu nikaitoa ile mizani yangu ya zamani,
nikailaza nishani, nikangoja sindano itulie.
Gramu thelathini na moja na nusu.
Mwanakheri kaondoa nusu gramu kwa ndimu.

Sikumwambia.
Baba yangu alipiga mihuri posta maisha yake yote;
walimpa baiskeli, haina mnyororo.
Hiyo nayo sijawahi kuipima.